Kamba ya Kukamulia Mablanketi

Kosa la kwanza lilikuwa la Mama Povu mwenyewe, na hakulikana. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini, na kwake kitu chenye povu ni kitu ambacho hakijamalizika. Basi shemeji yake alipolipaka sabuni tairi la nyuma la pikipiki ya mizigo na kwenda kwa jirani kuazima pampu ya mguu, huku nyuma yeye alilisuuza kwa maji matatu na kulifuta likakauka.

Shemeji mtu, aliyeitwa Spana kwa kuwa hakukosa spana mfukoni (kazi yake hatujawahi kuiona), alirudi, akaliangalia, akakaa chini kabisa.

"Shemeji, umesuuza tairi?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaeleza, kwa maringo yake, kwamba tairi hili halina mpira wa ndani. Upepo hukaa tu kama midomo yake miwili imebana kwenye rimu, na sabuni ndiyo inayoitelezesha midomo hiyo mpaka mahali pake. Asubuhi walikuwa wameling'oa ili kuziba tundu la msumari kwa ndani, na sasa midomo ilikuwa imelegea.

Wakapaka sabuni upya. Spana akapiga pampu mpaka shati likamganda mgongoni, lakini upepo wote ulitokea pembeni, fyuu, kama unamzomea. Mwishowe akatoa hukumu kwamba tairi limekufa, na hata aitwe nani, halikai.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika kumi na tano. Mafurushi sita ya shuka za zahanati yalikuwa mlangoni. Mwezi mzima Mama Povu alikuwa kwenye majaribio: shuka zifike kila siku kabla ya saa nne, na zikichelewa hata siku moja, kazi wapewe wale wenye mashine kubwa. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Jirani wote wenye vyombo vya usafiri walishakwenda kazini. Aliogopa, tusifichane.

Akaegemea ukuta, na bega lake likagusa kamba iliyoning'inia pale pamoja na kijiti chake. Blanketi zito likilowa, mikono haitoshi kulikamua. Kila mara alilizungushia kamba hiyo, akapitisha kijiti na kusokota mpaka maji yatoke yenyewe. Akaitazama kamba. Akalitazama tairi.

Akajifunga kanga kiunoni. Akalizungushia tairi kamba katikati ya mgongo wa tairi, pale panapokanyaga barabara, akapitisha kijiti, akasokota. Spana akauliza kama sasa anataka kulianika. Akazidi kusokota. Tairi lilibonyea katikati, na midomo yake, polepole, ikatanuka kuelekea kingo za rimu.

"Toa kile kisindano cha ndani ya valvu, upepo uingie kwa wingi," Mama Povu akasema. "Halafu piga pampu, mdomo ufunge."

Spana akapiga. Fyuu ikapungua, ikafifia, ikakatika. Mama Povu akaanza kulegeza kamba kidogo kidogo, kama anavyofanya blanketi likishakamuka, kisha akaivuta kando. Tairi likavimba. Pwa! Upande mmoja ukakaa. Pwa! Na wa pili.

Wakatazamana. Spana akarudisha kisindano haraka, akajaza upepo, akabandika sikio kwenye tairi. Kimya. Mama Povu alipiga kigelegele kilichowatoa majirani madirishani, na hakuona haya hata kidogo.

Zilikuwa zimebaki dakika sita saa nne ifike Mama Povu alipoteremsha furushi la mwisho kutoka kwenye pikipiki, mlangoni pa zahanati. Muuguzi mkuu, mwanamke asiyecheka ovyo, alitazama saa yake, akakagua shuka moja baada ya nyingine, kisha akaitazama mikono ya dobi, iliyokuwa myeusi kwa vumbi la mpira na yenye povu mpaka kwenye viwiko.

"Kesho uje mlango wa nyuma," akasema, akimkabidhi ufunguo. "Ndiko wanakoingilia watu wetu."