Gauni Lililokatwa Bila Kupimwa

Tangu gauni la kwaya lipasuke kwapani mbele ya kanisa zima, fundi cherehani na Kinanda hawakusalimiana. Kinanda tulimwita hivyo kwa sauti yake. Alikuwa ameinua mikono kwenye sauti ya juu kabisa, tukasikia "chwaa!", na vijana wa nyuma wakaangua kicheko.

"Kanifanyia makusudi," aliniambia. "Ana wivu, kwa sababu mimi ndiye ninayeimba peke yangu."

Wivu nilikuwa nao mimi. Zamani wawili hao hawakuachana hata kwenye benchi, na mimi nilikuwa "yule mwenye mtoto" tu. Sasa kila mmoja alinijia kivyake, akambeba mwanangu, akanimwagia yaliyo moyoni. Nilipendwa, jamani! Kwa hiyo mama mchungaji aliponiomba niwapatanishe, niliitikia kwa mdomo tu.

Nilipeleka kitambaa changu kwa fundi. Akanipima kwa futi: bega, kifua, kiuno, akarudia kiuno.

"Simama wima, mama. Uzazi haujakuaga bado."

"Na Kinanda ulimpima hivi hivi?"

Mkono wake ukasita. "Yule nimpime ya nini? Mwili wake naujua kuliko wangu. Nilikata tu." Akainamisha kichwa. "Kumbe kanenepa."

Moyo ukaniuma kama kidole kilichobanwa na mlango. Mimi ni wa kupimwa, tena mara mbili. Mwenzangu anakatiwa kwa kumbukumbu! Nikinyamaza, wote wawili watabaki wangu. Mwanangu alikuwa sakafuni akichezea vipande vya vitambaa. Akaniinulia uso, akacheka kwa vijino vyake viwili. Huyu nitamlea katikati ya shangazi wasiosalimiana?

Nikambeba mpaka kwa Kinanda.

"Fundi hakukupima kwa sababu anadhani anaujua mwili wako wote."

Macho yakamlowa Kinanda. "Mjinga yule! Si angeniuliza?"

"Kamwambie mwenyewe."

Tukaenda. Alisimama mlangoni kwa fundi, akainua mikono juu. "Nipime, we adui wa makwapa. Na usinipunguzie!"

"Nikupunguzie wapi, dada, na futi yenyewe haikufikii!"

Wakacheka mpaka wakakumbatiana, wakalia. Hakuna aliyenitazama. Nikageuka taratibu.

"We mama, unakwenda wapi?" fundi akaita. "Njoo unishikie ncha ya futi huku mgongoni."

Nikamhamishia mtoto mkono wa kushoto, nikashika.