Amekatazwa Kuota

Saa tatu asubuhi, mwanzoni mwa Aprili, jua liliufikia ukuta wa kaskazini wa nyumba ya Letlatsa, na kiti chake hakikuwepo. Phoofolo alikuwa amekuja na kiti chake mwenyewe begani, kama afanyavyo kila mwaka mahindi yanapoanza kukauka. Alisimama akautazama udongo mtupu chini ya dirisha, kisha akaenda mlangoni kuuliza kama mwenzake bado amelala.

'Malisebo alitoka na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Alimwambia kwamba mumewe, Ntate Letlatsa, hatatoka. Jana walikuwa hospitalini mjini, daktari ameyaona mapafu yake kwenye picha, na ametoa amri.

"Asiote," alisema. "Ndilo neno lenyewe alilotumia. Asiote tena, kabisa."

Phoofolo akauliza asiote nini. 'Malisebo akamjibu kwamba kuota ni kuota.

Wazee hao wawili walikuwa wamechimba dhahabu kwenye mgodi mmoja, ng'ambo ya mpaka, mpaka vumbi la mawe lilipowarudisha nyumbani, mmoja likiwa limemgusa tu, mwingine likiwa limemkalia kifuani. Pale kijijini Ha Tlali, Aprili ni mwezi wao. Mashamba hayahitaji tena mgongo wa mtu mzima, theluji bado iko mbali, na mtu aliyemaliza kazi zake za duniani ana mambo mawili ya kufanya: asubuhi aote jua ukutani, jioni aote moto wa samadi kavu. Neno ni hilo hilo kwa yote mawili, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuyatenganisha.

Daktari hakuwa mtu wa pale. Alikuwa kijana kutoka mbali, aliyejifunza lugha yao ukubwani na kuisema polepole, kila silabi mahali pake. 'Malisebo, aliyefundisha hesabu katika shule ya kijiji mpaka alipostaafu, alipendezwa na jambo hilo. Alikuwa ameingia akitarajia Kiingereza, akapata sentensi safi ya Kisotho, fupi, isiyo na kosa. Sentensi isiyo na kosa haihitaji kuulizwa mara mbili. Njiani kurudi aliitafutia hata sababu: mapafu yamejaa vumbi, joto hukausha, na kitu kilichokauka hupasuka. Ilikuwa sababu nzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakupewa na mtu.

Alitekeleza amri kama alivyokuwa akitekeleza ratiba ya shule. Mahali pa moto pa ndani alipafagia, akaanza kupika kwa jiko la mafuta ya taa. Kitanda alikisogeza kwenye ukuta wa kusini, ambako jua halifiki mwaka mzima. Dirishani alitundika blanketi la zamani. Nyumba ilikuwa ya mawe, na nyumba ya mawe mwezi huo huwa na baridi kuliko uwanja wake, lakini alimvika mumewe soksi mbili mbili na kumfunika mpaka kidevuni.

Letlatsa hakubisha. Mgodini alikuwa amejifunza kwamba amri ya kiusalama hutiiwa kwanza, maswali baadaye, na mkewe ndiye aliyesoma.

Phoofolo hakukubali kushindwa. Aliendelea kuja na kiti chake, akakaa chini ya lile dirisha lililozibwa, akawa anamsimulia mwenzake mambo ya nje kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi. Maua ya kosmosi yamechanua njia nzima mpaka kwenye duka. Maboga ya jirani yamepandishwa juu ya paa kukauka, na moja limebingirika usiku likamwangukia mbwa. Wanawake wameanza kupura mtama.

"Letlatsa! Majani ya mipopla ya mtoni yote yamegeuka dhahabu. Ile uliyochimba wewe haikuwa na rangi hii. Au nzuri ulificha kwenye buti?"

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Letlatsa ikisema kwamba kwenye buti hakukuwa na nafasi, kulikuwa na miguu ya Phoofolo, maana siku moja mgodini waligombania jozi moja. Wakacheka wote wawili, mmoja juani, mmoja gizani. Halafu cheko la ndani likageuka kikohozi, na kikohozi hakikukatika upesi.

'Malisebo alitoka nje. Alimwomba Phoofolo, kwa adabu yote, asimchekeshe mgonjwa.

"Mama, umemfunga mtu jela bila hakimu," alisema Phoofolo. "Mimi ni mgeni wa jela tu."

Hata hivyo alikibeba kiti chake. Baada ya hapo alikuja mara chache.

Kitu kimoja 'Malisebo hakumwambia mtu. Yeye naye aliacha jua. Zamani, akimaliza kuanika nguo, alikuwa akikaa chini ukutani, amenyoosha miguu, akichambua maharage hata kama hayakuwa na uchafu. Sasa alikuwa akizunguka nyumba kwa upande wa kivuli. Aliona si haki mmoja ale mwingine akiwa amefunga.

Siku moja aliona amtafutie mumewe furaha ndogo. Mahindi mabichi yalikuwa yanaisha. Alikwenda kwa jirani aliyekuwa na moto uani, akachoma hindi moja zuri, akalileta limefungwa kwenye majani yake. Letlatsa alilipokea kwa mikono miwili. Hakulila. Alilishika tu, akalihamisha toka kiganja hiki kwenda kile, akaliweka shavuni, akalirudisha viganjani. Lilipopoa alimrejeshea likiwa zima, akashukuru.

'Malisebo alikwenda nalo mpaka mlangoni ndipo akaelewa. Mumewe alikuwa akiota hindi. Lililofuata alimletea likiwa baridi.

Katikati ya mwezi Letlatsa aliacha kumaliza uji wake. Nyama za mapaja zilipungua, akawa anashika ukuta akienda chooni. Alianza kuzungumzia mambo ambayo mtu mzima huzungumzia mapema ili yasije yakasemwa na wengine: ng'ombe yupi achinjwe siku ya maziko, blanketi lipi aende nalo na lipi libaki kwa Lisebo, binti yao. Aliyasema bila huzuni, kama mtu anayegawa zamu. 'Malisebo alimsikiliza, akatoka, akaongeza kitambaa kwenye ufa wa dirisha. Aliamini kwamba akiweza tu kumvusha mpaka mwisho wa baridi bila kuvunja amri, atakuwa amempata kwa mwaka mwingine. Ndilo jambo pekee alilolitaka.

Mchana mmoja 'Malisebo alirudi kutoka kisimani kabla ya wakati. Letlatsa alikuwa amesimama kando ya dirisha, ameliinua blanketi pembeni. Alikuwa amepenyeza mkono mmoja kwenye mwanga na kuufungua, kiganja juu, kama mtu anayepokea chenji.

"Mkono tu, 'Malisebo," alisema.

"Daktari hakusema mkono tu."

Alingoja. Letlatsa aliutazama mkono wake kidogo, akaurudisha ndani mwenyewe. Mkewe akalishusha blanketi, akalipigilia msumari.

Mwisho wa mwezi ilikuwa zamu ya kurudi hospitalini. Jalidi ya kwanza, ule umande unaoganda, ilikuwa imeshaanguka. Letlatsa alipimwa uzito kwanza, na muuguzi aliirudia mizani mara ya pili. Daktari alisoma tarakimu, akamtazama mzee, akauliza kwa kile Kisotho chake cha polepole kama walifuata maagizo.

'Malisebo alinyoosha mgongo. "Yote, Ntate daktari. Hajaota hata siku moja. Si moto, si jua."

"Jua?"

"Si jua."

"Mama, nani alimkataza jua?"

"Wewe. Ulisema asiote."

Daktari aliweka kalamu chini. Kisha akamwomba, kama mwanafunzi, amweleze neno lile maana yake nini hasa. 'Malisebo alimweleza. Alianza vizuri, kwa sauti yake ya darasani: mtu huota moto, mtu huota jua, kitendo ni kimoja, joto huja na wewe umetulia. Kabla hajafika mwisho wa maelezo alikuwa ameshaona yanakoelekea, lakini aliyamaliza, kwa sababu alikuwa ameulizwa.

"Mimi nilifundishwa ni kukaa motoni," alisema daktari. "Nilikuwa nasema habari ya moshi. Moshi wa samadi. Jua analihitaji."

Letlatsa alikuwa ameketi juu ya kitanda cha uchunguzi, shati wazi. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akaeleza bila kupamba: mapafu hayajawa mabaya zaidi, wala hayatakuwa mazuri. Kilichopungua ni mwili, na mwili wa umri ule haurudi wote. Alisema pia kwamba kosa ni lake. 'Malisebo hakulipokea wala hakulikataa.

Walifika nyumbani saa saba mchana ikiwa imepita. Mipopla ya mtoni ilikuwa mitupu. 'Malisebo hakufungua hata kilemba. Alimpitisha mumewe kando ya mlango, akaingia peke yake, akatoka na kiti, akakiegemeza kwenye ukuta wa kaskazini na kukijaribu kwa mkono kama kimetulia. Letlatsa alikaa. Alifumba macho, akaegemeza kisogo kwenye mawe.

"Mwezi mzima, 'Malisebo," alisema mwishowe, macho yakiwa bado yamefumbwa.

"Ndiyo."

"Ungeuliza."

"Ndiyo," alisema. "Ningeuliza."

Mtu alikuwa ameshampelekea Phoofolo habari, maana alitokea na kiti begani kabla hajaitwa. Aliuliza kama huu ni msamaha wa mfalme au mfungwa amechimba ukuta. Letlatsa akamwambia kwa mapafu haya angechimba nini. Phoofolo alicheka peke yake, kisha akamtazama mwenzake vizuri, mashavu na shingo, akaacha kucheka. Alikisogeza kiti chake karibu.

'Malisebo aliingia ndani na koleo la kung'olea misumari, na blanketi la dirishani likashuka. Alimletea mumewe kikombe cha uji wa mtama uliochachushwa, wa moto, akamkabidhi bila kuupoza. Letlatsa alikizungushia viganja.

Kivuli cha zizi la ng'ombe, lililokuwa upande wa magharibi, kilianza kupanda. Kilipofika kwenye viatu vya Letlatsa, mkewe na Phoofolo walikishika kiti huku na huku wakamsogeza hatua chache kwenye mwanga. Kilipomfikia tena, walimsogeza tena, mpaka ukaisha ukuta. Pembeni ya nyumba palikuwa na kipande cha jua kisichozidi upana wa mkeka. Waliweka kiti hapo. 'Malisebo alikaa chini kando yake, akanyoosha miguu. Letlatsa alikunywa uji nusu, akampa mkewe kikombe chenye nusu nyingine.