Lebo Kwenye Ukingo wa Taya

Mwalimu wa eksirei katika chuo cha meno aliingia darasani asubuhi ile akiwa amefura. Wanafunzi walikuwa wamempa jina la Pilipili, naye alilijua na wala hakulikataa. Siku tatu kabla, mama yake mzazi aliinama jikoni kuokota kijiko, akaanguka, nyonga ikavunjika. Kijiko tu, jamani. Daktari wa mifupa alisema mifupa ya mama ilikuwa imedhoofika kwa miaka mingi, akashangaa hakuna aliyegundua mapema.

Neno hilo lilimkaa rohoni. Miaka sita nyuma mama alipigwa picha ya taya zima kwenye kliniki ya chuo hiki hiki, kwa ajili ya gego bovu. Pilipili aliifukua filamu hiyo makabatini, na sasa akaipachika kwenye ubao wa taa bila kusema ni ya nani.

Akawauliza wanaona nini. Wakataja gego lililooza, kivuli cha usaha kwenye mzizi, pengo la jino lililong'olewa. Mmoja akatania kwamba jino lile hata bibi yake angeliona bila miwani. Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Na mfupa?"

Wakatazamana. Mfupa gani tena, wao ni watu wa meno. Hasira zikampanda, maana ndivyo alivyojibiwa jana yake na mkuu wa idara, alipoomba saa moja tu kwa wiki afundishe dalili za mifupa kudhoofika. Sisi tunatibu meno, dada, mifupa ina wenyewe. Kana kwamba meno yanaota hewani.

Kwenye kliniki ile kila filamu ilibandikwa lebo ya namba ya mgonjwa upande wa chini, isije ikafunika meno. Pilipili aliibandua kwa kucha. Ukajitokeza ukingo wa chini wa taya, ambao kwa mtu mwenye mifupa mizima huonekana kama mstari mweupe, mnene, usio na mikwaruzo. Huu ulikuwa mwembamba, umemegekamegeka kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Akawaambia kwamba ukiona hivi humtangazii mgonjwa kuwa anaumwa. Unamwandikia barua akapimwe mifupa. Barua yenyewe ni mistari miwili.

"Huyu hakuandikiwa. Sasa amelala wodini na nyonga iliyovunjika. Ni mama yangu."

Kisha binti wa mstari wa mbele, yule asiyeacha kitu bila kukiuliza, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Nani alisema lebo zibandikwe hapo?"

Pilipili alifungua kinywa amtaje mkuu wa idara, na angemtaja kwa raha zote. Jina likamkwama. Alikumbuka mwaka wake wa kwanza kazini, alivyogombana na kila mtu kwa sababu lebo zilikuwa zikiziba meno, hadi akaandika tangazo mwenyewe kwamba zibandikwe chini. Lilikuwa bado mlangoni mwa chumba cha eksirei, limepauka, sahihi yake chini. Alikuwa akilipita kila siku.

"Mimi," akasema.

Akawapeleka makabatini wote, wakakaa sakafuni, wakabandua lebo moja moja mpaka saa za kliniki zikaisha. Kila aliyeona ukingo mbovu aliandika barua ya mistari miwili. Mkuu wa idara alipochungulia na kuuliza kulikoni, Pilipili alimwambia afunge mlango, na akiwa ndani au nje ni shauri yake. Mkuu akaenda zake.

Jioni Pilipili aliketi kando ya kitanda cha mama, akamweleza yote, lebo, tangazo na sahihi. Hakujitetea. Mama alisikiliza macho yakiwa darini, kisha akampapasa mkono.

"Usijitese, mwanangu. Lile gego mlinitibu vizuri. Halijaniuma tena hata siku moja."

Alikuwa akishukuru kwa moyo mweupe. Pilipili aliinamisha kichwa juu ya mkono ule.