Prefecto Mnadani

Hebu niambie wewe unayesoma, ungemfanya nini mume anayemng'oa mnyama wake manyoya asubuhi ya siku ya maonyesho, tena pale pale mwamuzi atakapoweka vidole?

Fortunata Yucra alimtazama tu. Kwa siku nne alikuwa amepiga magoti zizini kule Chilkapata, akimtoa alpaka wao, mnyama wa sufu wa jamii ya ngamia, vipande vya nyasi kavu, kimoja kimoja, kwa ncha za vidole. Alpaka wa mashindano haogeshwi wala hachanwi. Ukipitisha kitana mara moja tu, mawimbi ya sufu yanavurugika na waamuzi wanakuona mgeni wa kazi. Siku nne nzima. Halafu leo, ndiyo kwanza wameshuka kwenye lori pale Macusani, baridi inakata masikio, anageuka kidogo kutafuta hatamu nyekundu, akigeuka tena anamkuta mzee wake ana kishungi cha sufu nyeupe mkononi, anakisokomeza ndani ya kofia.

"Umefanya nini, Eleuterio?"

"Nimetoa bahati."

Desturi hiyo kila mfugaji wa kule juu anaijua. Mnyama akiuzwa, unamtoa kishungi kidogo unarudi nacho nyumbani, ili akienda asiondoke na bahati ya zizi zima. Hakuna anayebisha. Lakini hutolewa mnyama akishauzwa!

"Hajauzwa, baba Nieves. Hata kuonwa hajaonwa."

"Baadaye ningesahau."

"Na mwili wote huu, shingo, paja, mkia, wewe ukaona utoe ubavuni?"

"Baba yangu alikuwa anatoa ubavuni, upande wa moyo."

"Baba yako hakuwahi kuingia mashindanoni!"

"Ndiyo maana hakuwahi kushindwa," alisema Eleuterio, akavaa kofia yake.

Fortunata akamvalisha mnyama hatamu. Hakutaka kugombana mbele ya watu, na jambo lililowaleta lilikuwa kubwa kuliko kishungi. Februari iliyopita theluji ilishuka bila kutarajiwa, na asubuhi yake aliokota watoto wa alpaka kumi na mmoja, wamekakamaa kama kuni, mama zao wamesimama juu yao wanalia kwa ile sauti yao nyembamba. Baada ya hapo alijenga kuta za banda kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe, mpaka usawa wa kifua. Kuta zipo. Paa halipo. Dume huyu, Prefecto, auzwe, mabati yanunuliwe, watoto wa Januari wazaliwe chini ya paa. Walikuwa wamekubaliana. Au tuseme yeye alisema, na mzee akanyamaza, na kwa miaka thelathini na sita kunyamaza kwa Eleuterio kulihesabiwa kuwa ndiyo.

Huyo Prefecto mwenyewe alikuwa dume la miaka mitatu, mweupe kama maziwa yaliyochujwa, na alipewa jina la mkuu wa mkoa kwa sababu anatembea shingo juu hatazami mtu. Eleuterio alikuwa amemtengeneza kwa miaka ishirini. Alimtafutia bibi, akatembea siku tatu kumfuata, akamtafutia babu, majike yasiyofaa akayaondoa zizini moja moja. Cheti cha nasaba kilikuwa mfukoni mwa Fortunata ndani ya mfuko wa nailoni, lakini mzee hakukihitaji, alikijua kwa kichwa mpaka kwa babu wa babu.

Uwanjani mambo yakaenda kama Fortunata alivyohofia. Mwamuzi, injinia Zegarra, bwana mrefu mwenye koti jeupe, alifungua sufu ya begani kwa vidole viwili kama mtu anayefunua kitabu cha sala. Akatikisa kichwa kwa raha. Akaifungua ya pajani. Akaguna. Kisha akaenda ubavuni, akasimama. Akavaa miwani. Akainama mpaka pua ikagusa.

"Hapa pana nini? Upele?"

Neno hilo lilizunguka uwanja mzima kabla injinia hajasimama wima. Upele! Fortunata alihisi masikio yakiwaka moto. Sema alikwaruzwa na waya, aliomba moyoni. Sema alikwaruzwa na waya, mzee wangu, ni neno moja tu.

"Hapana, injinia," alisema Eleuterio kwa sauti ya kusikika. "Nimemng'oa mwenyewe. Leo asubuhi."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Prefecto akawekwa wa pili. Injinia akachukua kipaza sauti akasema hajaona sufu nyembamba kama ile mwaka mzima, kwamba nasaba ile ni kazi ya mtu mwenye subira, lakini pengo ni pengo na mikono yake imefungwa. Eleuterio akavua kofia kwa heshima, kishungi kikaanguka, upepo ukakichukua. Basi medali ikabaki inaning'inia mkononi mwa injinia wakati mwenye medali anatambaa chini ya matumbo ya alpaka wa watu.

"Hongera, jirani," alisema Basilia Huarca, ambaye dume lake lilikuwa la kwanza. "Kwa upele mmewashinda wote."

"Asante, Basilia. Na lako lina bahati halikutembea mbele ya injinia, lilisimama tu. Lile goti la nyuma bado linapinda?"

Basilia akajifanya hasikii.

Zilibaki saa mbili kabla ya mnada, na wanunuzi wakaanza kupita kwenye vizimba vya wanyama. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Arequipa mwenye buti mpya. Akamfunua Prefecto mdomo.

"Meno yake yako sawa?"

"Kwa sasa," akajibu Eleuterio. "Babu yake yalimtokeza nje uzeeni. Alikuwa kama sungura."

"Babu yake alikufa na meno yake yote, yamenyooka!" Fortunata akadakia. "Usimsikilize, bwana, huyu majani ya koka yamempanda kichwani."

Baadaye akaja mama mmoja kutoka upande wa Cusco, ana daftari.

"Ni mpole?"

"Anatemea watu mate," alisema Eleuterio. "Hasa wanawake."

Mama akarudi nyuma hatua mbili. Prefecto, aliyekuwa hajatema mate tangu azaliwe, alimtazama kwa dharau tu.

"Nenda katuletee chakula," Fortunata akamwambia mumewe. "Nenda sasa hivi, kabla sijakutafuna wewe."

Akaenda. Alikaa muda wote ambao mtu angetumia kwenda kuvua samaki mwenyewe, akarudi na sahani moja ya samaki trauti na viazi vikavu vyeusi, na alikuwa ameshakula upande mmoja wa samaki. Fortunata alikula upande wa pili amesimama. Kwa muda ule aliokuwa peke yake alikuwa amewaita tena bwana wa Arequipa na mama wa Cusco, akawafungulia sufu mwenyewe, begani na pajani, akawaonyesha cheti. Wote wawili waliondoka macho yanawaka.

Zamu ya Prefecto ikafika. Eleuterio akampandisha jukwaani, Fortunata akasimama chini yao, mikono ndani ya shali. Dalali, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alianzia bei ya soli elfu tatu. Arequipa akainua kidole. Cusco akainua daftari. Elfu nne, tano, sita. Fortunata alikuwa anahesabu mabati kichwani. Kwenye elfu saba paa lilitimia, kwenye elfu nane misumari na mlango vilikuwamo. Basilia alikuwa ameacha kucheka.

"Elfu tisa, bwana wa Arequipa! Elfu tisa mara ya kwanza! Ya pili! Ya tatu!" Dalali akagonga meza. "Mwenye mali, unatoa?"

Pale mnada haujaisha mpaka mwenye mali aseme "natoa". Ni neno moja, na watu hulisema huku wakicheka.

Eleuterio alimtazama Prefecto. Akamtengeneza kishada cha uzi wa rangi kilichokuwa sikioni. Akakitengeneza tena.

"Mwenye mali?"

Mtu mmoja akakohoa. Fortunata akamvuta mumewe suruali.

"Mzee. Anakuuliza."

Mzee akakishika kishada mara ya tatu.

"Unataka nini, Eleuterio?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, uwanja mzima ukageuka. "Tangu asubuhi! Unang'oa, unachafua, unasingizia marehemu meno! Kama una neno litoe, sema chochote, lakini sema!"

Mzee akakiinamia kipaza sauti cha dalali kama mtu anayeinamia kisima.

"Sitoi," alisema. "Tangu nyumbani sikutaka aende. Niliogopa kusema, kwa sababu ya wale watoto kumi na mmoja, na kwa sababu wewe ulibeba yale mawe. Nilitaka majike ya watu yaje kwake yapandwe. Bwana wa Arequipa, lete majike yako Chilkapata. Na wewe mama. Hata wewe, Basilia. Kila jike mabati mawili, mazito, siyo yale ya kupeperuka. Hilo ndilo nilikuwa nataka, mama Nieves, abaki, na paa liwepo."