Gladiola za Kaburi la Isabela

Paulina alikuwa amechuchumaa kwenye tuta lake la maua, akichokonoa magugu kwa ncha ya kisu, aliposikia hodi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na ua mzima ulikuwa tope. Alipoinua kichwa akamwona mwanamke kijana amesimama penye uwazi wa wigo, viatu mkono mmoja, mfuko mweusi wa nailoni mkono wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Naitwa Sabina, nimetoka Newala. Sijui kama sikukosea njia. Nawatafuta majirani wa marehemu Mama Isabela."

Paulina alidhani masikio yamemdanganya. Katika kijiji kizima cha Lulindi Mama Isabela alikuwa mmoja tu, naye ni yeye aliyechuchumaa pale na matope mpaka viwikoni.

"Marehemu yupi?"

"Mke wa Cuthbert, yule aliyekuwa karani wa mizani hapa kwenye ushirika."

Angeweza kusema neno moja tu mambo yakaisha. "Nilikuwa jirani yake," akasema, akanawa mikono, akamtolea mgeni kigoda.

Cuthbert alikuwa mumewe wa ndoa ya kanisani. Walijaliwa mtoto mmoja, Isabela, na surua ikamchukua kabla hajaanza shule. Siku ya mazishi Cuthbert hakudondosha chozi. Alishika jembe akafukia kaburi kwa mikono yake, watu wakamsifu kuwa ni mwanamume kweli. Wakati ule Paulina alikuwa akifua mashuka ya hospitali ya misheni, na muuguzi mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kikapu cha vitunguu vya maua yaitwayo gladiola, akamfundisha namna ya kuvitunza. Cuthbert ndiye aliyelima tuta. Tangu hapo, kila mvua zilipochanganya, kaburi la Isabela lilikuwa na maua mekundu na ya manjano, na wao wawili waliyapeleka pamoja bila kusema mengi.

Kisha serikali ikaruhusu wanunuzi binafsi wa korosho. Mizani ya ushirika ikaota kutu, na Cuthbert akapanda mlima kwenda Newala kuwa wakala wa tajiri mmoja. Mwanzoni alirudi kila Jumamosi, baadaye sikukuu kwa sikukuu. Mara ya mwisho alikuja na pikapu, maua yakiwa ndiyo kwanza yamechanua, akaanza kuyachimba.

"Baba Isabela, usiyang'oe sasa," Paulina alimsihi. "Ngoja majani yakauke. Hapo chini bado hakijakaa kitu."

"Ni mtoto wangu pia," alijibu, wala hakumtazama. Akapakia maua na udongo wake, akaondoka. Hakurudi tena.

Sasa Sabina alifungua ule mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na vitu vyeusi vilivyovunda, harufu yake kama ya mhogo uliooza.

"Maua aliyoyaleta mume wangu yalinyauka wiki ileile," alisema. "Nikachimbua vitunguu vyake nikavihifadhi humu vizuri kabisa, nikafunga. Juzi nafungua nipande, ndiyo haya. Mume wangu kila jioni anakaa anatazama lile tuta tupu. Ananiambia hana kitu kingine cha kumkumbukia mwanawe. Nikasema nije kimyakimya, huenda majirani wanajua mama wa watu alikuwa anayalea vipi."

"Huyo mama alikufa kwa nini?"

"Malaria ilimpanda kichwani. Hata siku mbili hakumaliza."

"Mumeo alikwambia mwenyewe?"

"Ndiyo mama. Kabla hatujaoana. Alilia mpaka nikaogopa, sikuwahi kuona mwanamume analia vile. Anasema alimzika mtoto, halafu akamzika na mama yake."

Paulina alitazama mikono yake. Kwamba mumewe ana mwanamke Newala, hilo alikuwa akilijua. Watu hawakosi kukuletea habari kama hizo. Lakini kwamba kuna nyumba huko juu ambamo yeye ameshazikwa, ameshaliliwa, amepewa na ugonjwa wa kumwua, hilo lilimfika mahali ambapo habari ya mwanamke haikufika. Na alimlilia! Mtu ambaye hakumlilia hata Isabela mbele yake.

"Nilikuwa na ombi jingine," Sabina alisema kwa haya. "Kama si mbali, ningependa kuonyeshwa kaburi lake. Nimsalimie. Nisionekane nimeingia nyumbani kwake bila hodi."

Kabla Paulina hajajibu, Dominika, jirani wa upande wa pili, alipaza sauti kutoka nyuma ya wigo: "Mama Isabela wee! Njoo uchukue ungo wako!"

Sabina akageuka kutazama nani mwingine yupo uani. Hapakuwa na mtu. Akamrudia Paulina, na Paulina akaona uso wa yule binti ukibadilika polepole, mpaka mfuko ukamponyoka.

"Mama," alisema. "Mama, ni wewe?"

"Ni mimi."

Binti alipiga magoti kwenye tope na khanga yake mpya, akishika miguu ya Paulina, akirudia kuwa hakujua, haki ya Mungu hakujua. Paulina alingoja hasira ije. Aliitaka ije. Badala yake akajikuta anamshika kwapani, anamwinua, anamketisha. Akaenda kuchukua ungo wake kwa Dominika, akarudi, akampa mgeni maji ya kunywa.

Halafu Paulina akaokota kimoja katika vile vilivyooza, akakibonyeza.

"Watu tunaviita vitunguu, lakini si vitunguu," alisema kwa sauti kavu. "Kitunguu ukikimenya unakuta ganda juu ya ganda mpaka kinaisha. Hiki ukikikata kimejaa, kama gimbi. Ulichopanda mwaka huu hakirudi. Kinanyonywa na ua mpaka kinasinyaa, na juu yake majani yanajenga kipya. Ukiyang'oa yakiwa mabichi, cha zamani kimekwisha na kipya hakijawa. Hata ungevihifadhi kwenye majivu, mahali penye hewa, visingeota. Si kosa lako. Vilikuja kwako vimeshakufa."

Sabina alikuwa akilia bila sauti. "Na haya?" aliuliza, akionyesha majani membamba kama nyasi yaliyojaa tutani.

"Ni vitoto. Huwa vinashikana pembeni mwa mama yao, vidogo kama punje za mahindi. Alipochimba vilipukutika vikabaki udongoni. Mvua mbili au tatu ndipo vitoe maua." Akakitupa kile kilichooza. "Sitakupa, mwanangu. Usinione mbaya. Hivi ni vya Isabela."

"Nisingethubutu kuomba, mama." Binti alisimama, akavaa viatu vyake, miguu ikiwa na tope vile vile. "Nikifika nimwambie nini?"

Paulina alifikiri. Yapo mengi aliyowahi kuyapanga, usiku na mchana, ya kumwambia Cuthbert. Hakuliona hata moja lililofaa kubebwa na binti huyu.

"Mwambie ulifika," alisema, "hukukuta mtu."

Sabina hakukaa tena na Cuthbert. Alirudi kwa wazazi wake Tandahimba, na Paulina alikuja kuyasikia hayo kwa wapita njia. Hakufurahi, wala hakuhuzunika zaidi.

Mwaka uliofuata majani yalinenepa. Mwaka wa pili wake likachanua ua moja, jekundu, fupi kuliko yale ya zamani. Asubuhi Paulina alilikata, akaenda makaburini. Akakuta kaburi la Isabela limepaliliwa, udongo umeinuliwa vizuri, msalaba umenyooshwa.

"Ahsante kwa kazi, Reginald," alimwambia mlinzi wa kanisa.

"Si mimi, Mama Isabela. Ni baba yake. Alikuja jana, akapanda gari la jioni kurudi Newala." Reginald alisitasita. "Nilimwambia mkewe yupo nyumbani. Akaniambia anajua."

Paulina aliitika kwa kichwa. Akaliweka ua juu ya kaburi, akaketi kando yake kwenye udongo ule mpya.