Mkono wa Mbuzi Mdadisi

Mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye mvi na miwani mizito, aliinamisha kichwa upande wa kushoto akapepesa macho mara mbili. Wenzake wawili wakafanya vivyo hivyo, palepale mlangoni mwa fundi cherehani, kisha wakacheka kama watoto. Ndivyo mashabiki wa Mbuzi Mdadisi wanavyosalimiana. Fundi hakucheka. Alijua kile kichwa kiliinama kwa sababu gani.

Walikuwa wakitafuta michoro. Kipindi cha vikaragosi kilichowalea kilibakiwa na kanda chache tu, na michoro ya kwanza ya Mbuzi ilisemekana kuwa iliungua. Miaka minne walihangaika, wakapekua maghala, wakagonga milango ya wajane wa mafundi mitambo, mpaka mtunza stoo mmoja mstaafu akawaambia waende kwa binti wa mama aliyekuwa akishona vikaragosi vya kipindi. Walitaka kufanya maonyesho ya kumuenzi mtayarishaji wa kipindi, ambaye nchi nzima ilimwita Mjomba. Magazeti yote yalikwisha andika kwamba ndiye aliyemchora Mbuzi, akamshona, na kumchezesha kwa mkono wake mwenyewe.

"Mjomba bado yu hai?" fundi aliuliza, ingawa alijua fika.

"Yupo, dada. Yeye ndiye atakayefungua maonyesho."

Fundi akaweka mkasi chini. Miaka arobaini alikuwa ameliweka jambo hili kiporo, na leo watu wamemletea moto mpaka mlangoni.

Sauti ya Mbuzi ilikuwa ya Mjomba, hilo tusimdhulumu. Alisimama pembeni na kipaza sauti chake akamsemea Mbuzi. Lakini aliyejikunja chini ya meza, magoti kwenye saruji na mkono juu, alikuwa mama yake fundi, na Mbuzi alikuwa wake tangu penseli ya kwanza. Siku alipoomba jina lake liandikwe mwishoni mwa kipindi, Mjomba alimjibu kwamba mshonaji hatajwi, kama vile mfagiaji asivyotajwa.

Mama hakujua kusoma, wala hakukata tamaa. Kila Jumamosi alimkalisha bintiye mbele ya televisheni amsomee majina yanavyopita, na kila Jumamosi binti alisema halipo. Siku moja huruma ikamshinda. "Limepita, mama," akasema. "Limepita haraka." Mama alitoka mbio kuwaambia majirani. Wiki iliyofuata majirani wakajazana sebuleni, watu wanaojua kusoma, wakatazama mpaka mwisho. Kile kicheko fundi hajakisahau. Mama hakumgombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwezi huohuo mama aliacha kazi, akatoka getini na michoro yake imefichwa chini ya gauni.

Basi fundi akawapa wale mashabiki michoro, lakini aliwapa nusu. Mama yake alikuwa na namna yake ya kuchora. Kwanza aliulaza mkono wake wa kushoto kwenye karatasi nene, akauzungushia penseli. Kisha aliweka juu yake karatasi nyepesi ya kukatia nguo, akamchora Mbuzi kuuzunguka ule mkono. Kwa hiyo kila Mbuzi alikuwa karatasi mbili. Na kidole cha shahada cha mkono ule, ndicho kilichobeba kichwa cha kikaragosi, kiliishia nusu, maana mashine ya kukatia vitambaa ilikwisha kula kipande. Ndiyo sababu kichwa cha Mbuzi kililala upande, na watoto wa nchi nzima wakalaza vyao.

Fundi alitoa karatasi nyepesi peke yake. Mwalimu akampelekea Mjomba, naye akazitambua hapohapo, akadondosha chozi, akatia saini yake kwenye kila moja. Fundi alipoletewa habari hiyo, alishona siku nzima akiimba.

Maonyesho yalifunguliwa asubuhi, katika ukumbi wa maktaba. Mjomba aliingia na mkongojo, watu wote wakasimama. Akawasimulia jinsi alivyomwota Mbuzi, jinsi alivyomchora kuanzia macho. "Kisha nikamtia mkono huu," akasema, akiinua wa kushoto, vidole vyake vitano vimekamilika. Fundi alimwacha amalize. Tena yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Makofi yalipotulia akapanda mbele.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Akatandaza mezani karatasi nene moja aliyokuja nayo, akabandua ukutani mwenzake nyepesi yenye saini, akailaza juu yake. Mistari ikakutana. Ndani ya Mbuzi ukaonekana mkono.

"Huu ndio uliokuwa ndani. Weka wako."

Mzee akatazama, na uso ukamshuka. Akajitia kucheka, akasema amezeeka, vidole si vilevile.

"Vidole havirefuki kwa uzee, Mjomba. Weka."

Akaweka. Kidole cha shahada kikavuka mstari, pingili nzima na zaidi. Dereva wa gari la wagonjwa, mmoja wa wale watatu wa mlangoni, akasema taratibu, "Si wake." Ukumbi mzima ukasikia.

Fundi aliona utamu, tusifiche. Ulimshuka mpaka tumboni. Lakini alimwona pia mwalimu amevua miwani, anaifuta na kuifuta, kama mtu aliyefiwa. Mwalimu akamuuliza kwa nini hakuwaambia mapema.

"Mngemwambia," fundi alijibu.

Mwalimu alibandua ukutani kikadi chenye jina la Mjomba, akakigeuza nyuma, akamwomba fundi jina la mama yake. Akaliandika kwa herufi kubwa za ubaoni, akamkabidhi asome. Fundi alikipokea. Akajiona yuko tena sebuleni, mama pembeni anasubiri. Akakisukuma kwa Mjomba.

"Soma wewe. Kwa sauti ya Mbuzi."

Mzee aliomba maji. Hakuna aliyeinuka. Akakisogeza kikadi mbali na macho, na katika kifua kile kilichochoka ikatoka sauti ya Mbuzi Mdadisi, ya puani, nzima kama Jumamosi zile. Ikataja jina la mama, majina yote mawili. Kwenye viti, watu wazima waliinamisha vichwa upande bila kujijua.

Fundi alikuwa amefumba macho. Lilikuwa limepita haraka mno.

"Tena," akasema.