Jina Alilolitua Mzee Nyange

Kinyoya cha kwanza Kampire hakukipiga. Muuguzi wa Kidenmarki aliyefanya kazi kwenye zahanati ya misheni, Nyakasimbi, alifunga wavu kati ya nguzo mbili nyuma ya jengo, akawapa wasichana wawili raketi, akarusha kitu cheupe hewani. Kikapanda, kikasita kule juu, kikaanza kushuka taratibu kana kwamba hakijaamua kitue wapi. Kampire alikitazama tu mpaka kikamwangukia kifuani.

Msichana wa pili, Kokuberwa, alicheka mpaka akakaa chini.

Huyo Kokuberwa alikuwa Mnyambo wa Chonyonyo, mrefu, mdomo haumtulii. Kampire alitoka kwenye nyumba ya Wanyarwanda waliofika zamani na ng'ombe wawili na kupata shamba la migomba. Kinyoya walikiita enyange, jina ambalo Wanyambo humwita yangeyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe malishoni. Na kwa sababu mpira wa vinyoya wa wawili kwa wawili hauna siri nyingine zaidi ya kujua nani apige, walijiwekea utaratibu. Anayekitaka anapaza sauti, "Yange!" yaani yangu. Mwenzake anamwachia, "Yawe!" yaani yako. Mkinyamaza wote wawili, kinaanguka katikati yenu na watu wanawacheka.

Vita vya mwaka 1978 vilipokuja, wavu ulichukuliwa, na hadi leo hakuna ajuaye ulienda kufunika nini. Wakacheza juu ya kamba ya kuanikia nguo. Vinyoya vilipochakaa, walifuata ng'ombe malishoni wakiokota manyoya ya yangeyange, wakayapachika kwa utomvu. Vinyoya hivyo vilipepesuka hewani kama walevi, lakini macho ya wasichana wale yalinolewa kwa kuvifukuza. Jioni, ukungu ukishuka migombani, aliyepita barabarani hakuona mtu. Alisikia sauti mbili tu zikipokezana, yange, yawe, yange.

Mwaka 1984 shirika moja la umma mjini Mwanza likawaajiri. Kwenye karatasi walikuwa wachapa taipu. Kazi yenyewe ilikuwa kucheza, na mshahara waliupokea kwa kucheza. Wakaenda Nairobi, wakaenda Lusaka, mara moja wakafika hata Denmark, ambako yule muuguzi, sasa bibi mwenye mvi, aliketi mstari wa mbele akilia bila aibu. Kampire hakuzikumbuka sana safari hizo. Alichokumbuka ni ule muda mfupi kinyoya kikiwa juu, kabla ya mtu yeyote kusema neno. Humo ndimo alimoishi, na alikuwa na furaha.

Kisha akaolewa. Mume aliitwa Xaveri, mtu mpole wa Nyakatuntu, tena mwenye kuupenda mchezo wa mkewe kuliko wengi. Tatizo halikuwa Xaveri. Tatizo lilikuwa jina la baba yake. Mzee yule aliitwa Nyange.

Kwa Wanyarwanda wa kale, mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo. Mama yake Kampire aliolewa na mwana wa mzee aliyeitwa Mazimpaka, na tangu siku ile hakuwahi tena kuyaita maji amazi, kama Wanyarwanda wayaitavyo. Alisema, "Nendeni mkateke ya kunywa." Watoto walikua wakidhani ndivyo kila mtu anavyosema. Kwa hiyo Kampire hakuona ajabu kuanza kumwita yule ndege "mfuata ng'ombe". Hakujua kwamba desturi ingemfuata hadi uwanjani.

Mechi ya kwanza baada ya harusi, kinyoya kilikuja katikati. Kilikuwa chake. Akafungua mdomo, ulimi ukagoma, kikaanguka. Wakajaribu Kiswahili, "Changu!" Lakini neno hilo lilimtoka nusu pumzi baadaye, na kinyoya hakimsubiri mtu. Mtazamaji mmoja akauliza kwa sauti samaki wenyewe wanauzwa bei gani, ukumbi mzima ukacheka.

"Waitu, ndugu yangu Kampire, ndoa imekuziba mdomo?" Kokuberwa aliuliza.

Kampire akainama kukiokota kinyoya. Angeeleza vipi? Kulieleza neno lile kulihitaji kulitamka. Kokuberwa akaona mwenzake ameanza maringo, na maringo hayo yalimuuma. Walianza kula meza mbalimbali. Mwaka mzima walishindwa, wakishindwa kwa kinyoya kile kile cha katikati.

Mwaka 1989, wiki ya mashindano makubwa ya Mwanza, mkuu wa michezo wa shirika, Bwana Gaudiosus, akawaita ofisini.

"Mkishindwa Jumamosi, Kokuberwa atacheza na Evangelina," alisema. "Wewe Kampire utarudi kwenye taipu."

Hakukuwa na pa kurudi, maana hakuwahi kuchapa hata barua moja. Alijua maana yake. Alitoka nje akasimama juani, akahisi kama mtu aliyeambiwa kwamba kuanzia Jumapili mkono wake wa kulia utahamishiwa kwa mwingine.

Wiki hiyo hiyo mzee Nyange alikuwa Mwanza. Alikuwa ameletwa kupasuliwa mtoto wa jicho, na macho yote mawili yalikuwa yamefungwa bandeji. Alipoambiwa mkamwana wake anacheza Jumamosi, akasema atakwenda.

"Baba, hutaona kitu," Xaveri alimwambia.

"Nitasikiliza."

Akaketi ukumbini, fimbo katikati ya magoti, uso ameuinua. Wapinzani walitoka Dar es Salaam, wepesi na wajanja, na walikuwa wameshasikia habari za katikati. Seti ya kwanza walikileta kinyoya hapo hapo, mara tano, mara sita, wakashinda. Seti ya pili Kokuberwa aliipigania karibu peke yake, mbele na nyuma, jasho likimchuruzika, mpaka akaishinda kwa hasira. Wakapewa mapumziko kabla ya ya tatu.

Mzee akamgeukia mwanawe.

"Xaveri, nasikia watu watatu. Wageni wawili na yule Mnyambo. Mkeo ameondoka?"

"Yupo, baba."

"Mbona sauti yake siisikii?"

Xaveri akamwinamia sikioni. "Neno wanaloitana linafanana na jina lako, baba. Ni yange. Kwa Kinyambo maana yake yangu."

Mzee akaegemea fimbo, akainuka. Kisha akasema, "Nishike mkono."

Wakashuka hadi kwenye mstari wa uwanja. Mwamuzi alitaka kuwazuia, akaona bandeji, akaacha. Kampire alipomwona mzee amesimama mbele yake, alipiga magoti pale pale, raketi mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilizaliwa siku ndege wale walipojaa zizini, baba yangu akaniita jina lao. Nimelibeba miaka sitini na minane. Leo nalitua. Kuanzia sasa mimi ni Theoneste, jina la ubatizo wangu. Lile la zamani nakupa wewe. Lifanyie kazi."

Kokuberwa alikuwa amesimama nyuma, taulo shingoni. Alimtazama mzee, akamtazama rafiki yake, na mwaka mzima ukamrudia kwa mara moja. Taulo ikamdondoka. Akamshika Kampire kiwiko, akamwinua.

Seti ya tatu ilikuwa ndefu. Mdomo uliozoea kufungwa haufunguki kwa amri, na mara mbili zaidi kinyoya kilianguka kati yao. Kokuberwa hakukunja uso. Mwishoni, Kampire na Kokuberwa wakiwa na pointi kumi na nne, imebaki moja tu ya ushindi, mpinzani alikipiga juu, juu sana, hadi karibu na taa. Kikasita kule. Kampire akauona ukungu wa Nyakasimbi, akaiona kamba ya nguo, ng'ombe wakipita, weupe ule ukiinuka nyuma yao. Kikaanza kushuka katikati kabisa.

"Yange!"

"Yawe!"

Akakipiga. Sakafu ya upande wa pili ikatoa mlio mdogo. Miongoni mwa makofi, mzee mwenye bandeji alisema, asimwambie mtu, "Nimeisikia."

Walicheza pamoja hadi 1993, magoti ya Kampire yalipokataa.

Mzee alifariki mwaka 1995, wakamzika Nyakatuntu, kando ya migomba yake. Kwenye msalaba waliandika Theoneste peke yake, kama alivyoagiza. Katekista aliwaita wakamwana mmoja mmoja wamuage. Jina la msalabani lilikuwa sasa ndilo jina la baba mkwe, kwa hiyo hakuna aliyelitamka. Walisema "baba", wakatupa udongo, wakapita.

Zamu ya Kampire ikafika. Alishika udongo muda mrefu. Miongoni mwa wanawake wote wa ukoo ule, yeye peke yake alikuwa na jina la kumwitia.

"Nyange," alisema.

Mabibi waligutuka, mmoja akafunika mdomo. Kampire hakuwaangalia. Akalisema tena, safari hii sauti ikikatika mwanzoni, kwa hiyo lililosikika lilikuwa lile neno la uwanjani.

Nyuma yake, Kokuberwa, aliyetembea kwa miguu kutoka stendi na viatu vyake vimejaa tope, alimjibu kwa sauti ndogo.

"Yawe."

Kampire akaufungua mkono, udongo ukashuka.